Mashine Isiyotunza Kitu

Koboko,
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwako dada yangu Kaltumu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Ladu na mtoto wenu Elena, na kwamba cherehani yako inazunguka bila kukata uzi. Huku Koboko sisi hatujambo. Nimeandika "sisi" kwa mazoea tu, maana nyumbani nimebaki mimi na kuku watatu wa marehemu baba, na kuku hao hawanipendi.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka saba ya kununiana. Nakuomba usiichane kabla ya kuimaliza. Nimejaribu kuianza mara nne tangu asubuhi. Naandika mistari miwili, nainuka, naenda mlangoni, natazama magari yanayokuja huko kwako Arua, narudi, naona nilichoandika ni uongo, nakichana. Mteja mmoja ameniuliza kama nina malaria. Nimemwambia ndiyo, ili aniache.

Unajua nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa karibu na stendi. Usichojua ni jinsi kilivyosimama. Nilianza na kompyuta mbili nzee, nzito kama matofali. Ukiwasha moja asubuhi unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi ikiwa bado inafikiri. Halafu virusi! Kila mteja alikuja na flashi iliyotoka kwenye kibanda kingine, na kila flashi ilileta ugonjwa wake. Nilikuwa karibu kufunga nirudi kuuza mitumba.

Ndipo akaja Abiriga, yule fundi wa Adumi anayetembea na bisibisi mfukoni hadi msikitini. Aliniambia kompyuta zangu si mbovu, ila zimebebeshwa mzigo wa kompyuta za matajiri. Akachomeka flashi yake ndogo, na dakika moja haikuisha, mashine ikawaka. Ilikuwa Linux, lakini ile nyepesi kabisa, mfumo mzima mdogo kuliko video ya harusi. Haikai kwenye mashine. Inatoka kwenye flashi, inaingia kwenye kumbukumbu ya muda, inafanya kazi hapo, na ukizima inaondoka na kila kitu, isipokuwa umeiambia itunze. Nilicheka kwa furaha, dada, na wewe unajua mimi si mtu wa kucheka.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa asali tupu. Printa ilikataa siku mbili mpaka Abiriga akarudi na kuibembeleza. Wateja walitazama kioo wakasema hii si kompyuta, ni redio. Mwalimu mmoja wa Ajia aligomba nusu saa kwamba mtihani wake umebadilika herufi, na kweli ulikuwa umebadilika. Lakini umeme ukikatika na kurudi, wenzangu bado wanasubiri mashine zao ziamke, mimi nimeshachapa barua mbili. Na virusi vya wateja vikiingia humo havina pa kulala.

Jambo lililonipa jina hasa lilitokana na mama mmoja mkimbizi aitwaye Poni. Kibanda cha jirani kilikuwa kimemwandikia barua ya kumtafuta mumewe. Barua ikabaki kwenye mashine, watu wakaisoma, na ndani ya wiki moja soko zima lilijua mumewe alimkimbilia nani. Alikuja kwangu analia, akasema, "Mimi nataka mashine ya kusahau." Nikamwonyesha yangu. Ukiizima inaleta kisanduku kidogo katikati ya kioo, kinauliza: utunze, au usitunze? Mbele ya macho yake nikabonyeza usitunze. Nikawasha tena, nikamwambia atafute jina lake. Hakulipata.

Tangu siku ile ikawa ndiyo kawaida ya kibanda changu. Mteja akimaliza, namwita aone mwenyewe nikibonyeza. Watu walitoka hata ng'ambo ya mpaka kuja kuandika kwangu mambo ambayo hawangeweza kuyaandika kwingine. Nilijiona mtu wa maana sana. Nakueleza yote haya kwa urefu kwa sababu bila kujua kisanduku hicho huwezi kuelewa nitakayokwambia. Pia kwa sababu naogopa kufika huko, basi nazunguka.

Jana Angelo dereva alinipitia. Amesema mmemkodi Jumamosi hii abebe cherehani na magodoro, mnahamia Juba. Nilimuuliza kama mtarudi hapa Jumatano ya wiki ijayo, siku ya karama, chakula cha dua ya arobaini ya baba. Aliangalia pembeni. Akasema ulimwambia huwezi kula karama ya baba aliyekufa bila kulitaja jina lako. Kisha akapiga honi akaenda, na mimi sijakaa kitako tangu hapo.

Siku ya mazishi nilikuona. Ulisimama barabarani na wanawake, ukiwa na shela ya bluu, hukuingia uani. Ulikuwa unangoja mtu akwambie ingia. Aliyepaswa kukwambia ni mimi, na mimi niligeuza uso nikajifanya napanga viti. Wanawake walisema Kaltumu ana kiburi. Sikuwasahihisha.

Na sasa nianze lile lenyewe, maana njia ya mwongo ni fupi na yangu imefika mwisho.

Baba alilitaja jina lako, dada. Alikuandikia barua.

Ilikuwa Jumanne, siku kumi kabla hajafa. Alikuja kibandani baada ya alasiri, amevaa kanzu safi, akataka nimwachie mashine moja. Mkono wake ulikuwa unatetemeka sana, hawezi kushika kalamu, lakini kumbuka alikuwa karani wa taipu jeshini na vidole havijasahau. Aligonga vile vitufe mpaka meza ikacheza. Nilimwambia taratibu baba, hii si chuma. Akanijibu, "Wewe acha. Herufi lazima isikie." Alikaa karibu saa mbili. Nilipomuuliza kwa nini asikupigie simu tu, alisema maneno ya simu yanapita, na mtu akiomba radhi lazima aache kitu ambacho mwenzake anaweza kushika.

Alipomaliza akaniita niitoe kwenye karatasi, nimpe Angelo kesho yake aje nayo Arua. Printa ilikuwa imeishiwa wino. Nikamwambia kesho. Nikakaa kwenye kiti nizime mashine, na barua ilikuwa bado wazi, nikaisoma yote. Baba alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye benchi, anafuta miwani.

Katika barua ile kulikuwa na mstari mmoja unaonihusu mimi. Utausoma hapo chini. Dada, mimi ndiye niliyebaki. Miaka saba nilimwogesha, nilimpikia, nilimpeleka hospitali, nilimsomea dawa. Hakuwahi kunipa neno. Na wewe uliyeondoka ukaolewa bila ruhusa yake, wewe ndiwe uliyepewa ukurasa mzima. Nilibonyeza kuzima, kisanduku kikaja.

Baba alikiona. Akauliza, "Hii inataka nini?" Nikamwambia inauliza kama tumemaliza. Akasema, "Jibu yeye. Tumemaliza." Nikabonyeza usitunze, mbele ya macho yake, kama ninavyofanya kwa wateja wote. Hakujua. Kwake yeye neno likishagongwa limeshaandikwa, hakuna anayeweza kulitoa. Hivyo ndivyo taipu ilivyomfundisha, na ilimfundisha ukweli.

Kesho yake aliuliza kama Angelo ameichukua. Nilisema ndiyo. Kuanzia siku hiyo, kila akitoka kuswali alikuja kukaa kwenye benchi ya kibanda, uso kwa barabara ya Arua. Kila gari likisimama aliinua kichwa. Aliniuliza, "Kaltumu amejibu?" Nilisema bado. Siku ya tano aliniuliza kama labda uliumwa. Siku ya saba alisema pengine unamshonea mtoto nguo ya safari. Ningeweza kumwambia akae aigonge tena. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, na kila jioni nilifunga kibanda nikiwa sijasema. Siku ya kumi presha ilimpanda palepale kwenye benchi, na hakufika hospitali.

Baada ya mazishi nilimwita Abiriga. Nilimdanganya kwamba mteja amepoteza barua yake, nikamuuliza kama inaweza kufukuliwa. Akachunguza kidogo tu. Akasema haikuwahi kugusa diski, ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda na imekwenda. Halafu akanicheka, "Wewe mwenyewe naringa kwa watu eti mashine yangu haichungi kitu. Sasa wewe nalia nini?" Nikamtengenezea chai.

Lakini mimi niliisoma, dada. Niliisoma mara moja tu, na haikunitoka hata neno. Nimejaribu kulala nayo, nimejaribu kuswali nayo, iko palepale. Basi hii hapa, kwa maneno yake mwenyewe, sikuongeza na sikupunguza, hata pale panaponiuma:

"Kaltumu mtoto yangu. Mimi baba yako naandika. Mkono inatetemeka, ndio sababu naandika na mashine ya Taban. Hasira yangu ilikwisha zamani. Nilibaki na haya tu, na haya ya mutu mzee iko nzito kupita hasira. Mara tatu nimekuja Arua. Nilidanganya Taban nakwenda kwa daktari ya macho. Nilisimama ng'ambo ya barabara pale Onduparaka, naona duka yako. Mara ya tatu wewe nafunga mtoto kamba ya viatu. Nikasema sasa navuka. Miguu ilikataa. Nikanunua chapati, nikarudi. Mtoto iko na kichwa ya mama yako. Kuja na yeye. Kuja na bwana yako pia, mimi sina neno na yeye. Taban nachunga mimi vizuri, lakini nachunga kama askari nachunga stoo. Hakuna kitu inaibiwa, na hakuna mutu nacheka. Kuja ucheke kidogo hapa ndani. Mlango haikufungwa, ni mimi tu nilikaa mbele yake. Baba yako, Asumani."

Hiyo ndiyo barua yako. Ilikuwa yako tangu Jumanne ile, na mimi niliiiba. Si mashine. Mashine iliuliza kwa adabu, ikangoja jibu.

Siombi unisamehe, maana sijui ningekujibu nini kama ungekuwa wewe mimi na mimi wewe. Naomba kitu kimoja. Ahirisheni Juba kidogo, au hata baada ya kufika Juba, geuka uje Jumatano ile. Njoo na Elena na shemeji Ladu. Mimi mwenyewe nitasimama barabarani pale uliposimama, na nitakwambia ingia mbele ya wanawake wote. Kama hutaki kuniona, nipe ishara kwa Angelo, nitakwenda Arua siku hiyo na kukuachia nyumba na kuku.

Nisalimie sana shemeji, mwambie nilimkosea kwa kumnunia miaka yote hii, na nitamwambia hivyo kwa mdomo wangu. Msalimie Elena, mwambie ana mjomba anayejua kuchapa picha za wanyama bure. Majirani wote wanakusalimu, na mama Poni anasema amekuombea ingawa hajui nimefanya nini.

Barua hii nimeiandika kwa kalamu, kwa sababu niliogopa kukaa tena mbele ya kile kisanduku. Angelo anakuja nayo kesho asubuhi, nimemwambia akupe mkononi. Itunze, dada. Mimi mwenye mashine ya kopi sikutoa kopi yake, na maneno ya baba hayako mahali pengine popote.

Ni mimi mdogo wako,
Taban Asumani