Tangawizi Niliyokuchemshia

Mama Tumaini,

Kikombe chako cheupe bado kipo kwenye kabati la vyombo, kimepinduliwa mdomo chini kama ulivyokiacha. Hakuna anayekigusa ila mimi. Lakini kila ikifika saa kumi alasiri nyumba yetu hii ya mtaa wa Viwanja Sitini hunukia tangawizi, na nikikiinua kikombe nakuta duara la maji chini yake, vuguvugu. Nilidhani ni uzee. Juzi fundi aliyekuja kuziba bati akaniuliza, "Mzee, umechemsha tangawizi kali hivyo, hata hunikaribishi?" Jikoni hapakuwa na moto.

Najua unachongoja.

Siku ile kliniki nesi alikupa vidonge vya kuzuia damu isigande, akauliza kama kuna mitishamba unayotumia. Ulinitazama. Nikajibu mimi: "Sisi ni walimu, mwanangu. Hayo tumewaachia wengine." Ukainamisha kichwa. Ndani ya kikapu chako mlikuwa na chupa ya tangawizi niliyoichemsha alfajiri, mpaka ikawa na rangi ya maji ya mto Lumemo wakati wa masika.

Nilikuwa nimesoma kwamba tangawizi huusaidia moyo, damu ikapita kwa wepesi. Nikapiga hesabu: kidonge kinafanya hivyo, tangawizi inafanya hivyo, basi viwili vitakuponya upesi. Nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na sikujiuliza damu ikizidi kuwa nyepesi itazuiwa na nini.

Kisha ukaanza kuacha mstari mwekundu kwenye ukingo wa kikombe. "Mwalimu, fizi zangu hizi," ulisema. Nikakwambia ubadilishe mswaki. Mstari ule nikaufuta kwa kidole kabla Tumaini hajauona. Kama sikujua, niliufichia nini? Hilo ndilo ninaloungama. Nilishajua, kidogo. Niliona aibu kurudi kwa yule nesi, binti niliyemfundisha mwenyewe, nimwambie nilidanganya.

Daktari alisema damu ilivujia kichwani. Kama ni tangawizi, sijui. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Badala yake nikasimama msibani nikaeleza watu jinsi nilivyokutunza kwa tangawizi asubuhi na jioni. Tumaini, binti yetu, alikuwa anasikiliza.

Sasa moyo wangu nao umechoka, nimepewa vidonge vilevile. Tumaini ananichemshia kama nilivyokuchemshia wewe. "Kunywa, baba, ndiyo dawa ya mama." Nakunywa. Nikikataa, itabidi nieleze.

Jana niliona mstari kwenye kikombe changu. Huo ningeubeba peke yangu, mke wangu, nakuapia. Ila leo nimemkuta binti yetu akijaza chupa ya pili, ya kumpelekea mama mkwe wake kule Kiberege, ambaye naye anameza vidonge hivyo hivyo. Alikuwa anaimba.

Chupa hiyo ipo hapa mezani. Haitatoka ndani ya nyumba hii. Nimemwita Tumaini, nasikia kandambili zake uani. Nitamsomea barua hii yote, hata pale nilipoufuta mstari kwa kidole, na asiponisamehe nitakuwa nimestahili. Kisha tutakwenda kwa nesi, nami nitajibu swali lake upya.

Ni saa kumi. Kikombe chako kabatini kimeanza kutoa mvuke.

Subiri kidogo, mama. Nikimaliza kusoma nitakuja kukikausha, ukapumzike.