Hatua za Cherehani

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kwa kawaida hapa ndipo ningeandika kwamba mimi ni mzima wa afya na wasiwasi wangu ni kwako tu uliye mbali. Safari hii nimepimwa, kwa hiyo sentensi hiyo siwezi tena kuiandika bila ushahidi. Wewe je, mgongo unaendeleaje? Na hao wanafunzi mia nne unaowapikia, bado wanalalamikia maharage?

Tumejiunga. Ile kliniki ya familia uliyonisumbua nayo mwaka mzima sasa ni yetu. Iko nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba iliyokuwa ya dobi, vyumba vitatu na jiko katikati. Ndiyo, jiko, lenye sufuria. Ukishakuwa mwanachama unakwenda hata kama huumwi, na hapo ndipo nilipoanza kuwashuku. Daktari ni mmoja, mama mfupi anayevaa viatu vya kukimbilia. Tunamwita Daktari Kijiko, maana swali lake la kwanza kwa kila mtu ni chai yako inaingia vijiko vingapi.

Mama alipewa saa nzima. Saa nzima, Dada. Kule hospitali kubwa tulikuwa tunangoja tangu asubuhi ili daktari amtazame kwa muda wa kufunga kifungo kimoja, na kila tukirudi daktari ni mwingine. Huyu alimwomba amwage mfuko wake wa dawa mezani. Zilitoka pakiti kumi na moja. Mbili zilikuwa dawa ile ile yenye majina tofauti, na Mama amezimeza zote miaka miwili. Sasa anameza tano, na kile kizunguzungu kilichokuwa kinamshikisha ukuta kimeondoka. Juzi nimemkuta anachambua mchele huku anaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama huimba.

Sasa mimi. Daktari alinipima kiuno, na futi yake akaishika vibaya. Fundi nguo wa miaka ishirini na sita kazini siwezi kunyamazia jambo kama hilo, nikamwonyesha inavyoshikwa. Kwa kumsahihisha nikajiongezea sentimita nne. Presha iko juu, nimepewa kidonge. Sukari ya asubuhi ni nane nukta mbili, na hiyo tumekubaliana tuijaribu miezi mitatu kwa chakula na kutembea kabla ya dawa. Natakiwa kutembea hatua elfu saba kwa siku. Nimefungwa kifundoni kidude cha kuzihesabu, kama kuku anayesubiri mnunuzi.

Kuna sharti. Wanachukua familia mia mbili tu, ili daktari awe na hizo saa nzima za kugawa, na nyuma yetu kuna orodha ndefu ya wanaosubiri. Tarehe sita Mei sisi wapya tunakaa naye chini. Familia ambayo haijafuata walichokubaliana inawapisha wengine. Kwa hiyo nafasi ya Mama imening'inia kiunoni kwangu, na kiuno changu unakijua.

Tuandikie. Barua zako namsomea Mama mezani. Anasema simu inakatika, barua inabaki.

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujaenda popote. Mama, najua unasikiliza: shikamoo, na endelea kuimba. Wifi naye nampa pole, maana mtu anayekula kwa masharti hununa hata na kijiko.

Nimefurahi mpaka jikoni wameniuliza nimeshinda nini. Ila wewe nakujua. Ukiwa mtoto ulikuwa unatumwa dukani na kupumzika mara tatu njiani, na duka lilikuwa mlango wa pili. Chai yako si chai, ni sukari iliyoloweshwa. Kwa hiyo mwambie daktari unachokula, si unachodhani unakula. Mimi mpishi nakwambia, hivyo ni vitu viwili.

Sikia neno moja la kweli katikati ya utani. Miaka sita nimekuwa nikiiogopa simu. Ikilia tu, nilijua Mama ameanguka tena. Tangu barua yako ifike, simu ikilia naipokea kama watu wengine. Usinipotezee huyo daktari.

Dada yako

12 Machi

Dada,

Shikamoo, na uketi kwanza. Sisi sote wazima, kiasi cha kuandikika. Majibu ya barua hii niandikie kwenye karatasi mbili: ya kwanza nitamsomea Mama, ya pili nitaisoma peke yangu.

Siku ya kwanza na kile kidude, kilisoma hatua elfu ishirini na sita. Nikajiambia, kumbe mimi ni mtembezi na miaka yote sikujijua. Siku ya pili, elfu ishirini na tisa. Ni msimu wa sare za shule, meza imejaa, na bado natembea kuliko askari. Nilianza kuwaonea huruma watu wanaopambana na elfu saba zao.

Jumapili sikufungua duka. Kidude kikasoma elfu moja na mia tisa, pamoja na kwenda kwenye friji. Jumatatu mvua ilinyesha kutwa, sikuinuka kitini, kikasoma elfu thelathini na moja. Hapo nikatazama chini. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, Dada, na kidude nimekifunga kwenye mguu unaokanyaga. Kila nikikandamiza kanyagio, hatua moja. Sare moja ya shule ni sawa na kwenda sokoni na kurudi.

Ningesema siku ile ile. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusema. Nikakuta kwenye ubao wa jikoni pale kliniki wameandika kwa chaki ya rangi: Mtembezi wa Mwezi, Fundi. Wanachama kama ishirini wamesimama na vikombe vya chai isiyo na sukari. Mama akapiga makofi mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Nikafungua mdomo, nikasema asanteni.

Sasa nimeombwa kuongoza matembezi ya wanachama Jumamosi ya tarehe nne Aprili. Kilomita sita.

Na kuna jambo jingine halinipendezi. Sukari imegoma, nane nukta moja. Daktari aliitazama ile karatasi muda mrefu, akaniuliza kama tumbo linaniuma, kama nakonda bila sababu, na Baba alikufa kwa ugonjwa gani. Nikimwambia ukweli sasa, nimevunja makubaliano na nafasi ya Mama imekwenda. Nisipomwambia, nitafia kwenye kilomita ya pili mbele ya watu. Nipe akili.

Mdogo wako, Mtembezi wa Mwezi

24 Machi

(Karatasi ya kwanza)

Mama, shikamoo. Huku ni salama, baridi imepungua. Nimesikia mwanao anatembea sana. Hongera kwa kuzaa.

(Karatasi ya pili)

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka msaidizi wangu akazima moto akidhani nimeungua. Sasa nimemaliza kucheka.

Mtunza stoo wangu huagiza kwa kufuata ninachomwambia nimetumia. Nikimdanganya, hakuna aliyeiba, lakini mwisho wa mwezi watoto mia nne wanakosa chakula. Daktari wako naye anaagiza kwa maneno yako. Hivi sasa anamtibu mtu mwingine kabisa, mwenye miguu kuliko wewe, na anashangaa kwa nini mtu huyo haponi. Ndiyo maana anauliza habari za Baba. Anatafuta kitu.

Mwambie kabla ya hiyo Jumamosi. Kama nafasi itakwenda, iende kwa sababu ulikuwa mvivu. Uvivu wako tumeuzoea.

Dada yako

8 Aprili

Dada,

Shikamoo kutoka kitini, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Wifi yako anakusalimu. Anasema tangu Jumamosi hajalala vizuri kwa kucheka.

Sikumwambia kabla. Alhamisi nilifika mlangoni kwake nikakuta ana mgonjwa. Ijumaa nilifika nikakuta hana, hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Jumamosi ikafika yenyewe.

Tulikuwa thelathini na wawili. Nilipewa kofia ya kiongozi. Kilomita ya kwanza niliongoza vizuri, nikiinua mkono kwenye makutano kama nilivyoona kwa watu wanaojua. Halafu pale penye maduka ya matairi barabara inapanda. Mstaafu wa posta akanipita, akaniambia pole bila kupunguza mwendo. Akanipita msusi mwenye mimba ya miezi saba. Nikaketi ukingoni mwa barabara kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu havina kamba.

Halafu akaja Mama na fimbo yake. Alikuwa ameandikiwa kutembea mpaka kwenye matairi tu. Akasimama mbele yangu, akauliza, "Kiongozi, tukungojee mbele au turudi kukuchukua?"

Daktari, aliyekuwa mwisho wa msafara, akachuchumaa akanishika mkono kupima mapigo. Nikaona uso wake. Haukuwa wa mtu anayecheka, ulikuwa wa mtu anayeogopa. Nikamwambia yote pale pale: mguu, kanyagio, sare, ubao.

Kisha akasema, "Kuna barua mezani kwangu ya kukupeleka hospitali kubwa ukapigwe picha ya tumbo. Hatua elfu thelathini kwa siku na sukari haishuki, nilijua kuna kitu kibaya ndani. Wiki tatu nakutafutia ugonjwa ambao huna."

Dada, nisingemkatia mtu kanzu kwa kipimo cha mtu mwingine, nikafanya hivyo kwa mwili wangu.

Akamgeukia Mama, akamuuliza kama alijua. Mama akasema anaishi na mimi, atakosaje kujua. Tangu lini huyu akatembea hatua elfu thelathini. Aliuona ule ubao akadhani daktari anamtania mwanawe, naye akapiga makofi kuunga mkono utani. Hapo daktari akaanza kucheka. Alicheka vibaya, akiwa ameshikilia tairi la watu.

Nikamuuliza kuhusu tarehe sita Mei. Akasema, "Iko pale pale. Umepoteza miezi miwili, imebaki wiki nne na siku kadhaa. Inuka."

Jumatatu alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja nusu saa akiniangalia ninavyofanya kazi. Hakuniambia nikatembee uwanjani na vijana. Aliuliza tu vitambaa viko wapi, nyuzi ziko wapi, nani anapeleka nguo zikiisha. Sasa kila kitu nilichokuwa nafikia kwa mkono kimehamia upande wa pili wa chumba. Nguo nazipeleka mwenyewe, kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Wateja wazee nawafuata kwao kuwapima. Kidude kimehamia mguu wa kushoto, usio na kazi, na chai ni kijiko kimoja, ambacho nakikoroga kwa huzuni.

Niombee.

Mdogo wako

26 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na barua hii muisome wote. Mama, usinisemeshe kuhusu makofi, nimeshindwa kupika siku nzima.

Hatua ngapi leo? Mguu upi?

Na mimi nina la kwangu, kabla hujaniuliza. Nilikaa nikajiuliza mara ya mwisho nimepimwa lini, mimi ninayewaamrisha ninyi kwa barua. Miaka tisa. Nimekwenda kwa muuguzi wa shule, presha yangu iko sawa na yako, tena inaizidi kidogo. Nimeanza kidonge, na maharage ya wanafunzi nimeyapunguzia chumvi. Wanalalamika zaidi. Haya, nicheke, ni zamu yako.

Tarehe sita ikipita uandike siku ile ile. Usisubiri mvua iishe wala nguo ya mtu iishe.

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo, na karibu kwenye chama cha presha. Nimecheka kidogo tu, kwa heshima. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, maana kukaa sasa nakuonea aibu.

Tulikwenda wote watatu. Nilikuwa nimeoga mara mbili, kama vile sukari inaonekana kwa nje. Daktari aliweka mbele yake karatasi zangu zote: za uongo upande mmoja, za kweli upande mwingine. Hatua elfu saba na mia nne kwa siku, mguu wa kushoto. Kilo tano zimekwenda, sijui ziko wapi na sizitafuti. Sukari ya asubuhi, sita nukta sita. Alisoma bila kupamba, kisha akasema kwamba miezi miwili ya mwanzo hawezi kuihesabu, na huu mmoja wa mwisho hawezi kuukataa. Akaandika chini ya karatasi: familia hii inabaki.

Wifi yako akanifinya kwa furaha mpaka nikaruka. Mimi nilimwangalia Mama. Hakupiga makofi. Alivuta kiti karibu na meza, akauliza, "Kwa hiyo mwaka mzima nitakukuta wewe, si mwingine?"

"Mimi," daktari akasema.

"Basi kuna habari ya magoti sijakwambia."

Nikashtuka. Miezi mitatu anakuja hapa hajataja goti. Nikamuuliza kwa nini amenyamaza muda wote huo. Akanijibu bila kunitazama, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Sikutaka kuanza kumsimulia mtu nitakayenyang'anywa."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akafunga mlango wa upande wa jikoni, akatuomba sisi wawili tupishe. Wifi yako akaenda kujifunza supu ya mboga. Mimi nikaambiwa nikatembee.

Nimezunguka kituo cha mafuta mara sita, Dada, mwendo mzuri tu, na kila nikipita dirishani namwona Mama anazungumza kwa mikono yote miwili. Mzunguko wa sita nikasimama nikasikiliza kidogo. Alikuwa bado kwenye goti la kushoto.

Mdogo wako