Makali ya Siku ya Kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako la kulia halikusumbui sana sasa baridi imeingia. Mama namwamkia pia. Mwambie sweta aliyonifumia naivaa kila asubuhi nikija kazini, ingawa mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake na watu wa jikoni wamenicheka mpaka wakachoka wenyewe. Mdogo wangu mpe salamu zake, umwambie habari za mtihani wa hesabu zimenifika na sikuzifurahia. Mimi kwa afya sijambo. Kwa mengine, sijambo ya mdomoni tu.

Nakuandikia nikiwa stoo ya jikoni, nimekalia gunia la unga, na karatasi nimeiweka juu ya kibao cha kukatia. Ni saa tano asubuhi. Saa nane mchana kuna kikao ofisini kwa msimamizi wa hospitali, na kabla ya hapo lazima barua hii iwe imeshatoka mkononi mwangu. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua: ungesikia sauti yangu ukauliza kuna nini, nami ningejibu hakuna kitu, kama nilivyojibu Jumapili iliyopita na ya kabla yake.

Barua yako nimeipata juzi. Umeniambia umelitia mafuta gurudumu, umenunua mkanda mpya, umenyoa ndevu, na umewatangazia majirani kwamba kuanzia Jumatatu wewe ndiye mnoaji wa visu vya hospitali kubwa, kazi ya kila wiki, na kwamba mlango huo umefunguliwa na binti yako. Fundi viatu wa hapo jirani, umesema, siku hizi anakuita bwana mkubwa. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, usiikunje karatasi katikati.

Miezi miwili iliyopita visu vyetu vya zamani vilikuwa vimechoka kabisa, vingine ncha zimekatika, vingine mpini umefungwa kwa kitambaa. Mpishi mkuu wetu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa ambaye sote tunamwita Jemadari, alipewa ruhusa ya kununua vipya. Mezani zikaletwa seti mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ya bei kubwa, visu sita vizito, migongo minene, bila urembo wowote. Ya pili ilikuwa ya bei nafuu, visu sita vilevile, mipini myeusi inayong'aa, ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki, na mkasi wa bure juu yake. Msimamizi alitaka ya pili. Jemadari alisema yeye hatanunua chuma kwa kutazama dirisha, akanigeukia mimi. Alisema kuna mtoto wa mnoaji humu ndani, basi na aseme yeye.

Unajua wananiita Cheche huku, tangu siku waliponiona najaribu makali ya kisu kwenye ukucha wa dole gumba kama unavyofanya wewe. Miaka minne nimemenya viazi na kukata vitunguu, na hakuna aliyewahi kuniuliza naona nini. Siku ile niliulizwa mbele ya watu kumi na wawili. Sitakuficha, nilijisikia mkubwa.

Nikafanya kama ulivyonifundisha. Nilivitazama visu kwa upande wa makali vikielekea dirishani, nione kama mwanga unavunjika mahali. Nilishika mpini na kutikisa, nikasikia kama kuna kinachocheza. Nilitazama mkia wa chuma unafika wapi ndani ya mpini, na kwenye seti ya bei nafuu uliishia katikati, lakini ulibana vizuri. Nilikumbuka na neno lako kwamba kila kisu ni bwana harusi siku ya kwanza, na kwamba anayetaka kukijua akae nacho wiki mbili. Jemadari hakuwa na wiki mbili. Alitaka jibu kesho yake saa nne.

Basi kesho yake tukakata. Nyanya, vitunguu, mkate, kuku mzima. Ile seti ya bei kubwa ilikata vizuri, kwa utulivu. Ile ya bei nafuu, Baba, ilipita ndani ya nyanya kama nyanya haipo. Jikoni zima lilipiga makofi. Msimamizi alijaribu kwa mkono wake mwenyewe akacheka peke yake, akasema kumbe watu huwa wanalipia jina tu. Jemadari aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilisema nina hakika. Zikanunuliwa seti kumi.

Kwa nini ilikata vile? Kwa sababu jana yake jioni, nilipoachiwa maboksi yale stoo, nilitoa kwenye mkoba kinoo chako ulichonipa na nikavinoa visu vyote sita vya bei nafuu kabla ya mtu yeyote kuviona vikikata. Vile vingine sikuvigusa. Wewe mwenyewe husema mtoto wa mnoaji hawezi kushika kisu akakiacha kama kilivyo, mkono unaenda wenyewe. Nilijiambia hivyo. Kwa hiyo waliyoyapigia makofi yalikuwa makali ya mkono wangu. Kazi ya kiwanda hakuna aliyeiona.

Wiki ya kwanza ilipita kwa sifa. Wiki ya pili watu walianza kukandamiza visu ili vikate. Kufika wiki ya tatu visu vilikuwa vinasaga vitunguu badala ya kuvikata, na mimi nikawa nabaki saa ya mapumziko kuvirudishia makali kimyakimya. Lakini seti kumi ni visu sitini, na mkono wangu ni mmoja. Nilivyovinoa Jumatatu, Alhamisi vilikuwa vimelala. Hapo ndipo nilipomwambia Jemadari kwamba kisu chochote kinahitaji mnoaji, na kwamba namfahamu mmoja. Ndipo alipokupigia.

Siku nne baada ya simu hiyo, Mama Pacha alijikata. Nimekusimulia habari zake. Ndiye wa meza ya mboga, mwenye watoto mapacha, anayenigawia chai yake asubuhi kwa sababu anasema mimi ni mwembamba kama mwiko. Alikuwa anapasua boga. Kisu hakikuingia. Akakiegemea kwa uzito wake wote, kama tunavyofanya sote siku hizi, kikateleza juu ya ganda na kuangukia mkono wake wa kushoto. Vidole viwili. Daktari wa hapa hapa ameshona, lakini amesema mshipa wa kidole cha shahada umekatika na huenda kisikunjike tena. Mara ngapi umeniambia, Baba, kwamba kisu butu ndicho kinachokata watu? Nilisimama pale na taulo mkononi, na neno hilo lilikuwa linanipiga kichwani, nikashindwa hata kumfunga vizuri.

Ripoti imeandikwa na msimamizi. Inasema Mama Pacha alikuwa anaongea wakati wa kazi, hakuwa makini, na vifaa vilikuwa vipya na vilikuwa vimekaguliwa na mtu anayevijua. Mtu huyo ni mimi. Kikao cha saa nane ni cha kuamua kama ataachishwa kazi. Na wenzangu humu, waliokuwa wakilalamikia visu hivyo hivyo, sasa wanasema labda kweli aliongea sana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jana nilikwenda kumtazama kwake. Ni chumba kimoja, mapacha walikuwa wanamenya viazi kwa zamu na mama yao anawaelekeza kwa mkono mzima. Aliniomba radhi. Nasema aliniomba radhi yeye, kwa kunichafulia kibao kwa damu. Nilianza kusema kwamba pengine ni kisu, akanikatiza akasema haiwezekani, kisu nilichokichagua mimi hakiwezi kuwa na kosa, kwa sababu mimi nimezaliwa na mtu wa visu. Nilikunywa chai yake nikaondoka. Nina haya mpaka sasa ya jinsi nilivyoimaliza ile chai.

Na bado sijakwambia lenyewe.

Mkono haukuenda wenyewe, Baba. Ulinifundisha kusikiliza kinoo. Chuma kigumu kinaita, sauti yake ni nyembamba. Chuma laini kinanong'ona na kuacha tope jeusi kwenye jiwe. Kisu cha kwanza cha seti ile kilinong'ona kabla sijafika mara ya tatu. Nilijua. Nilijua hakitakaa na makali hata wiki tatu, na nikaendelea mpaka cha sita, nikavifuta tope, nikavirudisha kwenye boksi. Nilivichagua kwa sababu ni laini. Vile vya bei kubwa vingekaa miezi bila kumhitaji mtu. Hivi vingehitaji mnoaji kila wiki, na mimi nilikuwa na mnoaji.

Nilipokuja likizo mwaka jana nilikuta kuku wamelala juu ya gurudumu lako. Ulikuwa umevaa aproni tangu asubuhi, umekaa mlangoni, na hakuna aliyekuja, kwa sababu watu sasa kisu kikiwa butu wanatupa. Mchana ukaingia jikoni ukachukua kisu cha Mama, ambacho ulikuwa umekinoa jana yake, ukakinoa tena. Kimekuwa chembamba kama jani la nyasi. Mama alitazama pembeni. Tangu siku ile sikuwa na wazo jingine ila kukupatia visu. Nimekupatia, na kidole cha mtu kimelipa.

Wewe hukuwahi kumrudishia mtu kisu chake bila kumwambia ukweli wake. Hata yule mchinja nyama aliyekutukana, ulimwambia: kisu chako kimekufa, sichukui chochote kwako. Nilikuwa na miaka saba, nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Kwa hiyo sikuombi unitetee wala unisamehe leo. Naomba kitu kimoja: Jumatatu usije. Nilisema nitakufungulia mlango, na sasa naufunga mwenyewe, huku majirani wote wakitazama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata nitakalofanywa saa nane.

Posta iko ng'ambo ya barabara. Nitaitumbukiza barua hii kwanza, kisha niingie kwenye kikao, ili woga ukinishika pale ndani nisiwe na pa kurudi, kwa sababu barua itakuwa njiani na wewe utajua tu. Kinoo chako kiko mfukoni mwa aproni. Nitakiweka mezani kwao pamoja na kisu kimoja cha bei nafuu na kimoja cha ile seti ya bei kubwa, ambayo bado iko hapa stoo, nivinoe mbele yao, wasikie wenyewe kipi kinaita na kipi kinanong'ona. Halafu nitasema ni nani aliyesikia kabla yao. Wakiniachisha kazi nitakuja nyumbani kwa basi la Jumamosi, na aibu ya majirani tutaibeba wawili.

Msalimie Mama sana, umsomee barua yote, usimrukie sehemu. Mdogo wangu mwambie arudie zile hesabu. Na wewe, Baba, nakuomba, kisu cha Mama usikinoe tena wiki hii. Kinakata. Kiache kibaki hicho kilichobaki.

Ni mimi binti yako,
wanayemwita Cheche