Sitatia Sahihi

Port Lincoln, 9 Machi

Mama,

Hapa malimau yameiva, na mbwa wa Lachlan sasa amekubali kula nikimpa mimi.

Ile saketi niliyokueleza nimeimaliza. Mzimamoto akibana redio kifuani juu ya koti lililolowa, mwili wake huivuruga antena, na nguvu hurudi ndani badala ya kutoka hewani. Saketi yangu huhisi hilo na kuirekebisha antena papo hapo.

Jumatatu bosi wetu, Kershaw, aliniletea ripoti ya redio za zamani. "Tia sahihi, Tamsin. Zimefaulu majaribio."

"Zilipimwa juu ya kigingi cha mbao, bosi. Kigingi hakivai koti."

"Usianze, bibie."

Nikamwambia ajaribu mwenyewe; nikamvalisha koti lililolowa, nikamtuma bondeni na redio mbili aniite. Ile ya zamani ilinipa mikwaruzo tu. Kwa ile yenye saketi yangu nilisikia kila neno, hata matusi.

Alirudi akasema nisipotia sahihi niondoke. Nimeondoka, na vipimo vyote nimeipelekea tume inayochunguza ule moto uliomuua Lachlan.

Mama, akina Kershaw waliandika kwamba mwanao hakuomba msaada. Kwenye rekodi ya redio ya siku ile kuna mikwaruzo minne, sawa na niliyoisikia Jumatatu. Lachlan aliita mara nne. Alhamisi nitayasema hayo kwenye tume, mbele ya Kershaw na mawakili wake, wapende wasipende. Njoo ukae kiti cha mbele, wakuone.

Mkweo,
Tamsin