Picha Niliyoisoma Kinyume

Old Kampala,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Asha,

Salamu zangu zikufikie huko Ujiji, wewe na wote mlio chini ya paa moja. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia ukitoka zamu ya wodini huwezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, na tangu hapo hukuligusia tena. Nakujua, ukinyamaza ujue linauma. Na Mama, bado anakataa vidonge vya presha mpaka amwone jirani anameza vyake? Mimi mwili ni mzima. Mvua imetupiga wiki mbili mfululizo, lakini kikohozi kimeniachia. Moyo ndio haujakaa sawa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza ili unipoze. Nataka kwanza usome hadi mwisho.

Kazi yangu unaijua, ingawa nasikia unawaambia watu kwamba nauza dukani. Hajati, mwenye studio, aliachiwa na marehemu mumewe makopo ya biskuti yaliyojaa filamu za zamani, nyingine za wapigapicha waliotangulia hata kabla ya mumewe. Hazina maandishi. Mimi nazisafisha, naziingiza kwenye kompyuta, kisha natafuta kila moja ilipigwa wapi na palikuwa na nini siku hiyo. Natazama mgongo wa vilima, mapaa, nguzo za umeme, kivuli kimelala upande gani. Nikishajua, naandika kwenye bahasha, na Hajati anaibandika picha dirishani pamoja na jina la mahali. Wapita njia husimama. Wengine hucheka wakiona mama zao na mitindo ya nywele ya wakati ule. Wengine hawacheki.

Mama Okello hakucheka. Ni mjane wa polisi, kwao Lira, kaskazini, anaishi hapa mjini Kasubi na mwanawe Okello, ambaye naye ni polisi. Dirishani aliona lori la jeshi, askari wawili wamesimama, na wanaume kumi na wawili wameketi chini mbele ya nyumba yenye veranda, mikono kichwani. Akaingia ndani, akaweka kidole juu ya wa tatu kutoka kushoto.

"Huyu bwana yangu," akasema. "Hapa ni wapi?"

Mumewe alitoka asubuhi kwenda kazini, enzi za utawala wa jeshi, Okello akiwa bado tumboni. Hakurudi, na mwili haukuonekana. Katika ukoo wao, mtu aliyepotea hivyo huendewa mahali alipoonekana mara ya mwisho. Wazee humwita kwa jina lake, huchukua udongo wa pale na kwenda kuuzika nyumbani kama wanavyozika mtu. Miaka yote hiyo Mama Okello hakuwa na mahali pa kwenda kumwita. Na sasa daktari alikuwa amemwambia kwamba ini lake halitamfikisha mbali. Alitaka kitu kimoja tu: akifa, alazwe kando ya mumewe.

Nilifanya kazi hiyo siku tisa, na kila siku imo katika shajara yangu. Mteremko wa barabara ulishukia kushoto. Nyuma palionekana kipande cha kilima. Filamu nyingine za kopo lile zilikuwa za mtaa huu huu wetu. Nikafika kwenye kona moja hapa chini ya Old Kampala, ambapo wazee wa mtaa walikumbuka nyumba yenye veranda iliyobomolewa. Leo ni kiwanja kitupu chenye majani. Nikamwambia Mama Okello ni pale.

Wazee watano walikuja kutoka Lira na mbuzi. Wakaita. Okello mwenyewe alichimba, akajaza udongo kwenye shuka jeupe. Familia iliporudi kutoka kuuzika Lira, mama yule alikuja studio na chupa ya simsim, yaani ufuta wa kusagwa, akanishika mikono yote miwili. "Saada, sasa nalala," akaniambia. "Mbele nilikuwa kila siku nasikia mlango."

Dada, wiki tatu zilizopita nilifungua kopo lingine, chini kabisa, nikakuta filamu ya mchana ule ule. Lori lile lile, askari wale wale, lakini safari hii juu ya nyumba, palipokatwa kwenye picha ya kwanza, panaonekana, na kibao cha duka kinasomeka. Nikaziweka picha mbili pamoja kwenye kompyuta, zikakataa kukubaliana. Katika moja lori lilitazama huku, katika nyingine kule. Ndipo nikaelewa. Ile filamu ya kwanza ilikuwa imekatwa peke yake, kingo zimeliwa na unyevu, hazina zile namba ndogo zinazoonyesha upande upi ndio wa juu. Niliilaza kifudifudi. Kila kitu kilitoka kimegeuzwa, kama mtu kwenye kioo. Barabara ile haishukii kushoto. Inashukia kulia.

Nikafungua shajara. Siku ya nne ya kazi ile nimeandika kwa mkono wangu: "Wanaume watatu wamevaa saa. Zote mkono wa kulia." Niliyaandika haya, Asha, nikafunua ukurasa. Watu watatu, wote saa mkono wa kulia, nami sikujiuliza.

Nyumba yenyewe niliipata kwa saa moja tu. Iko Nakasero, kilima kingine cha mji huu, chini ya soko. Haijabomolewa.

Nilimwambia Hajati akiwa anakunja mkeka wake. Alimaliza kuukunja, akauweka pembeni.

"Mtanzania, wewe na Kiswahili yako ya redio," akasema, "leo hiyo mdomo funga."

"Kosa ni langu, Hajati. Wamezika udongo wa kiwanja cha watu."

"Udongo yote ni ya Mungu. Mama analala. Wewe unataka enda kumwamsha?"

"Na akizikwa pale kando?"

"Akizikwa pale, atakuwa amezikwa na moyo mweupe. Mimi bwana yangu nilimzika na macho yangu, na bado silali. Acha mwenzangu alale."

Nilinyamaza siku nne. Siku ya tano nikapanda boda mpaka Kasubi. Nilimkuta Okello nje anasugua viatu vya kazi. Nikamweleza, nikamwonyesha picha zote mbili. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Akakiweka kiatu chini.

"Hii usimwambie," akasema. "Nakuomba kama dada yangu."

Lakini sauti ikatoka ndani: "Okello, nani huyo? Si mtu wa picha? Mbona anasimama nje kama mdai? Lete yeye."

Alikuwa kitandani, macho yamegeuka manjano. Nikapiga magoti, nikamwambia. Sikuzunguka. Alizishika picha, moja kila mkono, akazitazama sana.

"Sasa anakuwa wa tatu kutoka upande huu."

"Ndiyo, mama."

"Na nyumba?"

"Ipo bado. Nakasero, chini ya soko, mbele ya wauza nyanya."

"Ile ya dirisha tatu za mviringo juu?"

"Hiyo hiyo."

Alizishusha picha juu ya shuka. Kisha akasema, "Mimi nanunua nyanya pale. Kutoka Okello bado mtoto. Kikapu yangu naweka chini pale pale, mbele ya hiyo veranda." Akanirudishia picha. "Miaka yote hiyo napita juu yake nabishana bei."

Okello alitoka nje. Nilimsikia akipiga ukuta mara moja.

Ijumaa tulikwenda, sisi watatu, kwa gari la kukodi. Mama mwenyewe alitaka. Okello alibeba jembe dogo ndani ya gunia. Muuza nyanya alimtambua kabla hatujamshusha vizuri. "Nyabo, wabuze!" akapaza sauti, kumwambia amepotea siku nyingi, akampangusia kigoda. Mama Okello hakuketi. Alitazama chini. Pale mbele ya veranda ni saruji, na kuanzia kwenye saruji ni lami hadi ng'ambo. Hapakuwa na udongo hata wa kujaza kiganja. Okello alilishika gunia lake, akalitazama, akalirudisha ndani ya gari.

Mama akaita jina la mumewe. Sauti haikuwa na nguvu, na boda boda zilikuwa zinapiga honi. Mchukuzi mmoja akaja mbio, akidhani ndiye anayeitwa. "Niko, maama. Mzigo wapi?"

"Hakuna mzigo," Okello akamjibu. "Enda tu."

Ndani ya gari, mama alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Kaburi wazee hawafungui mara mbili," akaniambia. "Walishasema. Basi wewe acha picha kama iko. Pale dirishani iandikwe Old Kampala, kama kwanza. Sitaki mtu asome na aje kuambia mtoto yangu kwamba mama yake amelala kando ya udongo wa bure. Umesikia, Saada?"

Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali, na nadhani aliitambua tofauti, kwa maana aliuachia mkono wangu.

Jumamosi nilikaa na bahasha ile mbele yangu asubuhi nzima. Wewe umewaambia watu wodini mambo ambayo ukishayasema hayarudi, kwa hiyo utanielewa au utanilaumu kwa haki. Katika picha ile mume wake ni mmoja. Wapo wengine kumi na mmoja, na siku moja mtu wao atasimama dirishani. Nikiacha jina la Old Kampala, nitampeleka naye kwenye majani yale na mbuzi wake, na safari hii nikijua. Nikaandika Nakasero. Nikaichapisha upya ikiwa imekaa sawa, nikaibandika. Hajati alisimama nyuma yangu akasoma, kisha akaenda kuketi.

Jumatatu Okello alipita akiwa kwenye sare. Alisoma, akasimama kidogo, akaondoka bila kuingia. Nikapiga simu ya Mama Okello kila siku. Haikupokelewa.

Juzi Ijumaa nikapata ujumbe wa Okello. Nauandika kama ulivyo: "Mama ametutoka usiku. Tunampeleka Lira kesho. Tafadhali wewe usije." Hakusema watamlaza wapi. Nami nimekosa haki ya kuuliza.

Kwa hiyo leo, wakati nakuandikia, ameshazikwa, na sijui kando ya nini. Hajati amefunga duka siku mbili. Hajaniambia kwamba alinionya. Ningependa angesema.

Nisalimie Mama, umbusu mikono kwa niaba yangu, lakini haya usimsomee. Msalimie shemeji, mumeo, na Mjomba Idi wa dukani, na mtoto wako wa mwisho anayesema hanikumbuki. Bibi jirani anayemeza vidonge vyake mbele ya Mama, mwambie namshukuru. Ukiwa na nafasi, nijibu kwa barua, uniambie ungefanya nini. Usinihurumie.

Ni mimi mdogo wako,
Saada