Kijiko cha Isaiah Kinywani mwa Shiko

Mshauri Mukai, nisaidie, tena upesi, kwa sababu Jumapili hii nitasimamishwa mbele ya watu nishukuriwe kwa kitu ambacho ni dhambi yangu mwenyewe.

Mimi nashona mapazia Dagoretti Corner, kwetu ni Bungoma, lakini nimeolewa Mutuini, na mume wangu Waithaka na ndugu yake wamejenga kwenye shamba moja la mama yao, kwa hivyo mlango wangu unatazamana na mlango wa Virginia, mke wa shemeji. Mwanangu Isaiah ana miaka mitatu, Shiko wa Virginia ana minne, na mshauri, huyo Shiko haugui. Nasema haugui! Anakunywa maji ya mfereji kwa kiganja, chapati ikianguka anaokota, anapangusa na gauni, anakula, na kesho yake yuko uani anaimba. Mimi maji nachemsha, kikombe nasuuza kwa maji moto, kucha nakata kila Ijumaa, na ni wangu anaharisha, ni wangu anatapika, na mafua yakipita Mutuini yanaanzia kwake na kushuka kifuani, mwaka huu pekee ameongezewa maji hospitalini mara mbili. Mama mkwe haishi kusema, "Kwetu watoto hawaharishi ovyo, hiyo ni damu ya huko kwenu." Virginia mwenyewe hajawahi kunicheka hata siku moja, na hilo pia linaniudhi.

Mwezi uliopita nilimpeleka Isaiah kliniki ya Satellite, nikalia mbele ya daktari, akaniambia, "Mama, si uchafu. Kuna watoto wamezaliwa hivi, virusi vya tumbo vinapata mahali pa kujishika ndani yao, na wengine wamezaliwa bila hapo mahali. Ni mambo ya kurithi." Yeye alitaka kunituliza, lakini mimi nilisikia tu kurithi, nikasema basi, mama mkwe alikuwa sawa, damu yangu ndiyo mbovu, na Virginia amezaa mtoto wa chuma bila hata kuchemsha maji. Wivu ulinishika nikashindwa kula.

Sasa hapa ndipo nataka unisomee pole pole. Jumatatu ya wiki iliyopita Isaiah alikuwa anatapika, nikawa namlisha uji, akaonja akakataa, na Shiko alikuwa amesimama hapo kando, akaniambia, "Nipatie mimi." Kijiko kilikuwa kimetoka tu mdomoni mwa Isaiah. Nilijua ninachofanya. Nikampa Shiko bakuli lote kwa kijiko hicho hicho, nikisema moyoni wacha na yeye aharishe siku moja tu, mama mkwe aone. Jumanne nikachungulia uani, Shiko anaruka kamba. Jumatano, kamba. Alhamisi akaanza Kihara, mdogo wake, mtoto wa miezi mitano, ambaye Shiko humbeba na kumtia vidole mdomoni siku nzima.

Virginia alinijia mbio akilia, "Mama Isaiah, wewe ndiye unayajua haya mambo, nifanye nini?" Nikamkorogea ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, nikamnywesha mtoto kidogo kidogo, nikaona macho yanaingia ndani, nikamwambia hatungoji, twende hospitali, na ni mimi nilimbeba. Alilazwa siku tatu. Amepona, Mungu asifiwe, na daktari alisema tungechelewa tungempoteza, kwa hivyo sasa Virginia anaambia kila mtu nimemwokolea mtoto. Mama mkwe amenimiminia chai kwa mkono wake, ameniita binti yangu, mara ya kwanza kwa miaka mitano, akakaa akitusimulia huku anacheka vile Waithaka akiwa mdogo alivyokuwa akiharisha kila mara, naye akimkimbiza hospitali mpaka askari wa geti akamjua yeye mama kwa jina. Ninapenda hiyo chai, mshauri. Niliitamani sana. Jumapili baada ya kanisa kuna maombi ya shukrani hapa nyumbani, nitaitwa mbele, na Waithaka hajui lolote.

Ninyamaze? Na niseme yote: hata leo nikimwona Shiko anaruka kamba, bado inaniuma kwamba hakuugua.

Mama Isaiah, Mutuini

MUKAI ANAJIBU

Mama Isaiah, majina yenu nimeyabadilisha, lakini utajijua. Nilipofika kwenye kijiko nilisonya, nikaiweka barua kando, nikapika chai, ndipo nikarudi. Ulimtakia ugonjwa mtoto wa miaka minne ambaye kosa lake ni kuwa mzima. Aibu, mama! Pole kwa miaka mitano ya kuambiwa damu yako ni mbaya. Hiyo pole inatoka rohoni, kwa maana maneno hayo yanachoma. Lakini hayakukushika mkono ukampa Shiko uji.

Daktari alikuambia ukweli, wivu ukakuzibia masikio. Baadhi ya virusi vya tumbo hutafuta alama fulani juu ya utando wa utumbo, vikiipata vinajishika hapo. Alama hiyo hutoka kwenye vinasaba, na inatosha mzazi mmoja tu kumrithisha mtoto. Watu wengi tunayo, mimi pengine ninayo. Asiyeipata kwa mama wala kwa baba, virusi hivyo havimwezi, lakini si virusi vyote, na kirusi kingine kinaweza kumlaza kesho. Mambo ya kifua yana vinasaba vyake vingine. Hakuna hapo cha kabila, wala tuzo ya mama bora.

Hebu sasa isome barua yako. Waithaka alimfanya mama yake ajulikane na askari wa geti. Yeye ni damu ya Bungoma? Siwezi kuapa, hakuna aliyempima mtu hapo kwenu, lakini tumbo la Isaiah huenda limetoka kwa huyo huyo mama mkwe. Na Kihara aliyelazwa siku tatu ametoka tumbo moja na Shiko. Nyumba uliyoionea wivu ina mtoto kama wako ndani yake, na hukumwona kwa sababu ulikuwa unachungulia kamba.

Usinyamaze. Mwambie Waithaka kwanza, leo, kisha uende kwa Virginia kabla ya Jumapili, watoto wakiwa nje, bila kumpitia mama mkwe. Taja kijiko, taja Jumatatu, sema nilijua. Usianze na chai wala maneno ya damu, hayo yana siku yake, na Waithaka ndiye wa kumkabili mama yake. Moyoni utajiambia pengine Kihara aliambukizwa kwingine. Pengine kweli. Hiyo pengine usiitoe wewe, mwachie Virginia aifikirie akitaka. Atapiga kelele, atakukataza watoto wake, kubali. Maombi yakifutwa, yafutwe. Hiyo chai uliyoitamani haitashuka kooni ukiinywa kwa uongo.

Maji endelea kuchemsha, hukuwa ukifanya kazi bure. Sabuni baada ya choo na kabla ya kulisha, kwako na kwa Virginia. Isaiah akitapika, asicheze na wenzake mpaka siku mbili zipite baada ya kukoma. Na Kihara asikose chanjo hata moja, hata Virginia akiringia afya ya Shiko.

Wivu hautaondoka Jumapili, usijidanganye. Shiko ataruka kamba na itakuuma. Ikikuuma, ingia ndani ushone. Akikuomba uji, mwambie aende kwa mama yake. Siku Virginia mwenyewe atakapomleta mlangoni kwako, na bakuli lake na kijiko chake, ndipo utajua umesamehewa.