Themanini na Nne Yangu, Themanini na Nne ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla sijapotea kabisa. Mimi nanunua feni mbovu, nazifungua na kuuza vipuri, wateja wananiita Daktari wa Upepo, ingawa shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilikaa karibu na dirisha. Nina binti yuko darasa la tano, na ndiye amekuwa akinifundisha hesabu kila akitoka shule, tunakaa kwenye makreti mbele ya kibanda changu, mimi namwita Mwalimu, yeye ananiita "wewe wa nyuma", tunacheka, mambo yanakwenda.

Basi wiki iliyopita akanifundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5, 7, akasema namba nyingine kubwa unaweza kuzivunjavunja mpaka zibaki tasa tupu, akatupa sisi wote wawili namba 84, kila mtu na daftari lake. Mimi nikaanza na 2 mara 42, 42 nikaivunja 2 mara 21, 21 ikawa 3 mara 7, nikabaki na 2, 2, 3, 7, nikajiona profesa. Kuchungulia lake, kaanza na 7 mara 12, 12 kaifanya 3 mara 4, 4 ikawa 2 mara 2, yaani njia mbali kabisa na yangu, lakini mwisho kaandika zilezile zangu.

Sasa mshauri, mimi ni mtu wa soko, nikiona wauzaji wawili wametokea milango tofauti wakanitajia bei ileile, najua walishakaa kikao. Nikamwambia, tena mbele ya fundi viatu jirani yangu, "Umeniibia jibu, halafu ukatunga njia." Akasema, "Baba, ndivyo inavyotoka." Nikauchana ukurasa wake. Hakulia, alifunga daftari akaingia ndani, na tangu siku hiyo ananiamkia tu na kunipa chai, kreti lake liko tupu, na fundi viatu haachi kuniuliza kama shule imefungwa.

Kinachonichanganya zaidi, nimejaribu mwenyewe kwa siri, nikaanza na 6 mara 14, nikaanza na 4 mara 21, hata 3 mara 28, kila mara zinatoka 2, 2, 3, 7, na hapo hakuna aliyenichungulia. Ni mimi nakosea mara zote, au namba nazo zimekula njama? Na baba mzima anamwombaje mtoto radhi bila heshima kumdondoka? Juzi nimegundua peke yangu kwamba 91 ni tasa, nimeijaribu kwa 2, kwa 3, kwa 5, ikagoma, lakini sina wa kumwambia.

Ni mimi, Daktari wa Upepo.

JIBU

Daktari, nilicheka mpaka nilipofika kwenye ukurasa uliochanwa. Hapo kicheko kikakata.

Hukukosea hesabu hata mara moja, na binti yako hakukosea. Wewe ukifungua feni, uanze na mapanga au uanze na stendi, mwisho mezani si unakuta mota ileile na skrubu zilezile? Umeshamtuhumu nani kwa hilo? Namba nayo ina vipuri vyake, seti moja tu. Pita mlango unaotaka, 84 itakupa 2 mara mbili, 3 mara moja na 7 mara moja, basi. Hakuna kikao wala njama. Mtoto alikwambia hivyo kwa maneno matatu, ukachana.

Heshima unayoiogopea ilidondoka siku ile, sasa iokote. Ulimwaibisha mbele ya fundi viatu, kwa hiyo fundi viatu awepo. Akitoka shule leo, mwambie, "Mwanangu, nilikosea mimi." Usiongeze "lakini", wala utani, utani unaujua sana, unaweza kusubiri. Mpe daftari lako, aione ile 84 uliyoivunja kwa siri, njia zote, asahihishe kwa kalamu nyekundu. Kisha kaa kwenye kreti lako unyamaze mpaka yeye aanze kusema.

Na 91 si tasa. Mimi sikwambii kwa nini. Mwulize Mwalimu wako.